Shajara ya kurunzi: kutafuta alama za ufuatiliaji ndani ya programu na maktaba zake

Machi 3

Mwisho wa mwezi umepita na lawama zake. Mfumo wa marejesho ya mikopo ninaoutunza, wa chama kimoja cha akiba na mikopo, huanza kujikokota kila ifikapo tarehe 28, wanachama wanapolipa kwa wingi. Safari hii mama mhasibu alinipigia saa tano asubuhi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Kijana wangu, stakabadhi hazitoki na watu wamejaa dirishani." Nikaingia kwenye seva. Prosesa imepumzika, diski imetulia, kumbukumbu ipo tele. Kila kitu kinasubiri kitu, na hakuna wa kusema ni kitu gani.

Dawa yangu ya siku zote ni kunyunyizia mistari ya logi kwenye msimbo, kuwasha upya, kisha kungoja mwisho wa mwezi mwingine. Mara tatu nimefanya hivyo, na mara zote tatu logi imeniambia nilichokwishajua: polepole.

Nimeamua kujaribu njia nyingine. Programu nyingi kubwa tayari zina alama zilizopandwa na waliozijenga, kila alama ikiwa na jina: hapa muamala umeanza, hapa kufuli linasubiriwa, hapa uzi mpya (mkondo wa kazi ndani ya programu) umezaliwa. Wazo hilo lilipata umaarufu na DTrace, zana ya ufuatiliaji ya kampuni ya Sun, iliyotoka pamoja na mfumo endeshi wa Solaris 10 mwaka 2005. Kwenye Linux liliingia kwa mlango wa zana iitwayo SystemTap na faili lake la `sys/sdt.h`. Kinachonivutia ni bei yake. Kwenye prosesa za x86 alama isiyotazamwa ni baiti moja tu, `90`, amri isiyofanya lolote. Ukitaka kuitazama, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huibadilisha baiti hiyo kuwa `cc`, yaani mtego, na ukimaliza huirudisha ilivyokuwa. Huduma haizimwi, msimbo haujengwi upya.

Kabla ya kutazama, lakini, inabidi nijue ni alama zipi zipo na zimelala kwenye faili gani. Hapo ndipo mradi huu unapoanzia. Nimeuita `kurunzi`.

Machi 5

Kabla ya kuandika chochote nimepekua kwa mkono. Seva inaendesha Debian 12, aina mojawapo ya Linux.

`readelf -n /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6` (libc ni maktaba ya msingi ya lugha ya C) imemwaga alama kibao: `setjmp`, `longjmp`, familia ya `memory_` inayohusu ugawaji wa kumbukumbu, halafu `pthread_create`, `mutex_entry`, `mutex_acquired` na wenzake. Hawa wa nyuzi zamani walikaa kwenye `libpthread.so.0`. Tangu toleo la 2.34 la glibc (ndiyo libc ya Debian) la mwaka 2021 wamehamia ndani ya libc yenyewe, na lile faili la zamani limebaki gamba tupu. Nina skripti ya siku nyingi iliyokuwa ikisema "hakuna alama" nami nikaiamini. Ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

`libstdc++`, maktaba ya C++, ina tatu: `throw`, `catch`, `rethrow`. Kipakiaji cha maktaba, `ld.so`, kina zake chini ya jina `rtld`. Na `/usr/lib/postgresql/15/bin/postgres`, programu ya hifadhidata yetu, ni shamba zima: `query__start`, `transaction__commit`, `lock__wait__start`, `lwlock__wait__done`, `checkpoint__start`, `sort__start`... Nimekaa nazitazama kama mtu aliyeishi kwenye nyumba miaka mitano ndiyo anagundua ina ghala.

Mtu ataniuliza: mbona `tplist` ya BCC, mkusanyiko wa zana za ufuatiliaji wa Linux, ipo? Ipo, na ni nzuri. Ukiipa faili hukuonyesha alama zake, ukiipa namba ya prosesi (programu inayoendeshwa) hukuonyesha za maktaba ilizopakia. Ila inakuja na mzigo wote wa BCC, na mimi nataka kitu cha faili moja, nikinakili kwenye seva yoyote kinipigie tochi mashine nzima.

Machi 8

Leo nimeandika kisomaji. Noti za alama, yaani rekodi zinazozieleza, ziko kwenye sehemu ya ELF (muundo wa faili za programu za Linux) iitwayo `.note.stapsdt`, na noti moja huanza hivi:

`08 00 00 00  3a 00 00 00  03 00 00 00`
`73 74 61 70  73 64 74 00`

Namba ya kwanza ni urefu wa jina la mwenye noti: baiti 8. Ya pili ni urefu wa maelezo: `3a`, yaani 58. Ya tatu ni aina, nayo huwa 3. Kisha jina lenyewe, `stapsdt` na sufuri ya kulifunga. Ndani ya zile 58 kuna anwani tatu za baiti 8 kila moja, zikifuatwa na maneno matatu: mtoaji, jina la alama, hoja zake (thamani alama inazobeba). Hii niliyoichukua ni `setjmp` ya libc, na hoja zake zimeandikwa `8@%rdi -4@%esi 8@%rax`. Isome hivi: baiti 8 ziko kwenye rejista rdi, baiti 4 zinazoweza kuwa hasi ziko kwenye esi, baiti 8 nyingine kwenye rax. Hesabu inatimia: 24 za anwani, 5 za `libc`, 7 za `setjmp`, 22 za hoja. Jumla 58.

Noti ya kwanza ikasomeka safi. Ya pili ikadai kwamba jina la mwenye noti lina urefu wa baiti 524,288.

Saa mbili nimepoteza hapo. Nikashuku faili, nikashuku Paithoni, nikashuku hata `readelf`. Kumbe maelezo hujazwa sufuri hadi yagawanyike kwa 4. Baada ya baiti 58 kuna 2 za kujazia, ndipo inaanza noti inayofuata. Mimi nilizisoma zile mbili kama mwanzo wa noti, `00 00 08 00`, na ukizigeuza kwa mpangilio wa prosesa unapata 524,288 kamili. Dawa ni mstari mmoja:

`hatua = (urefu + 3) & ~3`

Jambo jingine nililojifunza njiani: sehemu hii haipakiwi kwenye kumbukumbu programu inapoendeshwa. Nilikuwa na mpango wa kijanja wa kusoma alama kutoka kwenye kumbukumbu ya prosesi iliyo hai. Umekufa. Lazima ufungue faili.

Machi 9

Anwani ya pili kati ya zile tatu ni ya kusahihisha ya kwanza. Ikitofautiana na anwani halisi ya sehemu ya `.stapsdt.base`, unaongeza tofauti hiyo kwenye anwani ya alama. Ni urithi wa enzi za prelink, iliyokuwa ikizihamisha maktaba baada ya kujengwa. Nimeiandika na sijaona faili hata moja kwenye seva zangu linaloihitaji.

Machi 14

Wiki hii nimemshuku mkusanya taka wa Paithoni. Programu yenyewe ya marejesho ni ya Paithoni, na nilidhani pengine husimama kusafisha kumbukumbu pale pale mzigo unapozidi. Alama zipo tangu Paithoni 3.6, ila kwa masharti: sharti iwe imejengwa kwa `--with-dtrace`. Yangu nimeijenga mwenyewe na chaguo hilo lilikuwemo. Ukijenga pia kwa `--enable-shared`, alama zitakuwa kwenye `libpython`, la sivyo ziko kwenye programu yenyewe. Na mazingira pepe yasikuchanganye, `python` iliyomo humo ni kiungo tu kinachoelekeza kwingine.

Nikaweka mtego kwenye `gc__start` kwa kuandika moja kwa moja kwenye `/sys/kernel/tracing/uprobe_events`. Kerneli ikakubali bila kinyongo. Nikaendesha programu ndogo inayozalisha taka makusudi. Sufuri. Nikaita `gc.collect()` kwa mkono mara kumi. Sufuri.

Makosa yalikuwa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine.

La kwanza ni semafo, ile anwani ya tatu. Baadhi ya alama zina mlinzi: msimbo huuliza kwanza "kuna anayetazama?" kwa kusoma kihesabu fulani, na kikiwa sufuri huruka alama bila kuigusa. Ni busara, kwa sababu kuandaa hoja nako kuna gharama. Paithoni hufanya hivyo. Kwa hiyo mtego wangu ulikuwa kando ya njia isiyopitwa na mtu. Tangu kerneli 4.20 unaweza kuiambia kerneli yenyewe ikiongeze kihesabu hicho, unaandika nafasi yake kwenye mabano mwishoni:

`p:kurunzi/gc /opt/py/bin/python3.11:0x…(0x…)`

Nikaongeza. Sufuri bado.

La pili ndilo lililonitoa jasho. Noti hutoa anwani za kumbukumbu, kerneli inataka nafasi ndani ya faili. Si kitu kimoja. Inabidi usome vichwa vya segmenti, utafute segmenti inayobeba anwani hiyo, utoe anwani yake ya mwanzo na kuongeza mahali inapoanzia ndani ya faili. Hapo mwanzo sikufanya hivyo na mambo yakaenda, kwa sababu kwenye faili nilizozigusa segmenti ya msimbo ilikuwa na anwani sawa na nafasi yake. Bahati iliyonipumbaza. Semafo haikai kwenye msimbo, inakaa kwenye data, na segmenti ya data ya Paithoni yangu imesogezwa kwa `0x1000`. Nilikuwa nikiiomba kerneli iongeze kihesabu mahali pasipo na kihesabu, nayo ikanyamaza kimya.

Baada ya kurekebisha, `gc__start` imeanza kuhesabika. Na mkusanya taka hana hatia: anafanya kazi kidogo, anamaliza upesi. Nimemwomba radhi.

Machi 15

Usiweke mtego kwenye `mutex_entry` ya libc bila kutaja prosesi.

Nimefanya hivyo kwenye kompyuta yangu, namshukuru Mungu si kwenye seva. Mtego wa namna hii hushikamana na faili, kwa hiyo kila prosesi iliyopakia libc hiyo huukanyaga, na kila hatua juu yake ni safari ya kwenda kerneli na kurudi. Kivinjari, dirisha la maandishi, sauti, vyote vilianza kutembea kama vimefungwa mawe miguuni. Ilibidi niandike amri ya kuuondoa herufi moja moja.

`kurunzi` sasa inaweka nyota kando ya alama zilizo kwenye njia zenye msongamano. Orodha ya nyota naijaza kwa mkono, kadiri ninavyoungua.

Machi 21

Toleo la kwanza lilipekua saraka: `/usr/bin`, `/usr/lib`, `/opt`. Nimelitupa.

Shida ilianza na marudio. Kwenye Debian ya sasa `/lib` ni kiungo cha kwenda `/usr/lib`, hivyo maktaba ile ile ilitokea mara mbili. Hilo dogo, unalinganisha namba ya kifaa na inodi (namba ya faili kwenye diski), basi. Kubwa ni hili: kwenye seva ya majaribio niliweka mtego kwenye `pthread_create` na huduma iliyokuwa ikizaa nyuzi mbele ya macho yangu haikuhesabiwa hata moja. Anwani sahihi, nafasi sahihi, prosesi sahihi.

Nikafungua `/proc/PID/maps` ya huduma hiyo, orodha ya mafaili iliyoyapakia. Kando ya libc kulikuwa na neno `(deleted)`.

Wiki mbili nyuma nilisasisha libc na huduma hiyo sikuiwasha upya. Jina lile lile, njia ile ile, lakini kwenye diski kuna faili jipya na prosesi bado inaendesha la zamani, ambalo halina jina tena. Mtego wangu nilikuwa nimeuweka kwenye faili ambalo huduma hiyo haijawahi kuliona.

Kwa hiyo nimegeuza mwelekeo. `kurunzi` haianzi tena na saraka. Inaanza na prosesi zilizo hai: inasoma `maps` ya kila moja, inachukua mistari yenye ruhusa ya kutekeleza, inakusanya mafaili kwa inodi, halafu ndiyo inafungua. Lililofutwa inalifungulia kupitia `/proc/PID/map_files`, ambako kerneli bado imelishikilia. Lililo ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa yenye mafaili yake) inalifikia kupitia `/proc/PID/root`. Kontena zimenifunza jambo hilo hilo kwa sura nyingine: libc ya mwenyeji na libc ya kontena ni mafaili mawili, na mtego kwenye moja haumgusi aliyepakia nyingine. Kontena zetu za Alpine, aina nyingine ya Linux, hazikuonyesha chochote kwenye maktaba yao ya C, na ndivyo ilivyo, maana badala ya glibc zinatumia musl, na musl haikupanda alama hizo.

Kwa aliyezoea kuzikuta kila mahali: hifadhidata ya MySQL ilizing'oa kwenye toleo la 8.0, Node, kiendeshi cha JavaScript, nayo kwenye la 19. Java bado inazo ndani ya `libjvm.so`, ila zile za kuingia na kutoka kwenye kila methodi haziamki mpaka uziwashe kwa chaguo maalum. Naelewa waliozing'oa, kutunza kitu kinachotumiwa na wachache ni kazi. Lakini inaniuma.

Machi 31

Mwisho wa mwezi. Nimekaa mbele ya seva tangu saa mbili asubuhi, kahawa kando.

`kurunzi` ilinipa nafasi za alama mbili za Postgres, `lock__wait__start` na `lock__wait__done`, pamoja na hoja zake. Za kupimia nimetumia bpftrace, zana iliyopo tayari, sioni haja ya kuunda gurudumu upya: saa ya kuanza kusubiri inawekwa kando, saa ya kumaliza inatolewa, tofauti inaingia kwenye histogramu ya milisekunde. Kwa kuwa Postgres huzaa prosesi kwa kila muunganisho na zote zinatoka kwenye faili moja, mtego mmoja unazishika zote.

Kuanzia saa nne na nusu histogramu ikaanza kunenepa. Mwiba mrefu ulikuwa kwenye fungu la 256 hadi 512. Ndiyo maana logi za Postgres hazikuwahi kuniambia kitu: `log_lock_waits` huandika tu kusubiri kunakozidi `deadlock_timeout`, ambayo isipoguswa ni sekunde 1. Wetu walikuwa wanasubiri nusu ya hapo, mmoja nyuma ya mwingine, foleni nzima. Na `pg_stat_activity` niliyokuwa nikiichungulia mwezi uliopita ni picha ya papo hapo. Ukichungulia pale foleni imepungua, unaona amani.

Hoja ya tano ya `lock__wait__start` ni aina ya kufuli. Ilikuwa 5, karibu kila mara. Kwenye Postgres 15 hiyo ni kusubiri muamala wa mtu mwingine umalizike, na ndivyo kugombania safu moja ya jedwali kunavyoonekana kutokea ndani. Safu ipi? Nikaongeza `query__start`, ambayo hoja yake ya kwanza ni maandishi ya swali. Hii hufyatuka kwa itifaki rahisi pekee, yaani swali linapotumwa likiwa maandishi kamili. Bahati nzuri psycopg2, maktaba ya Paithoni ya kuongea na Postgres, hubandika thamani upande wa mteja na kutuma hivyo. Ikatoka:

`UPDATE namba_za_stakabadhi SET mwisho = mwisho + 1 WHERE tawi =`

Imekatwa hapo kwa sababu bpftrace niliyonayo hubeba baiti 64 na moja ni ya kufungia. Sikuhitaji zaidi.

Nilifungua msimbo. Muamala unaanza, namba ya stakabadhi inaongezwa, malipo yanaandikwa, ujumbe mfupi unatumwa kwa mwanachama, ndipo muamala unathibitishwa. Yaani safu moja ya kihesabu cha tawi inabaki imefungwa hadi lango la ujumbe lijibu. Siku ya kawaida hakuna anayegundua. Siku ya foleni dirishani, kila anayelipa anamsubiri mwenzake apate ujumbe wake.

Aliyeandika mistari hiyo ni mimi. Tarehe ipo, jina lipo, na maelezo ya mabadiliko yanasema "imeboreshwa".

Aprili 2

Ujumbe mfupi umehamia baada ya muamala kuthibitishwa. Mistari minne.

Kwenye `kurunzi` kumebaki kisomaji cha hoja za prosesa za ARM. Huko hoja huandikwa `8@x0` au `-4@[sp, 12]`, na ile nafasi katikati ya mabano huvunja mbinu yangu ya kukata maneno kwa nafasi. Raspberry Pi ninayojaribia iko juu ya friji, waya wake ameuchukua mdogo wangu.

Aprili 30

Mitego ile ile, tangu saa mbili. Hadi saa nane mchana histogramu ina mafungu matatu mafupi, yote chini ya milisekunde 8.

Mama mhasibu hajapiga simu, ikabidi nipige mimi.

"Shikamoo mama. Stakabadhi zinatoka?"

"Marahaba. Zinatoka vizuri mwanangu, mpaka karatasi imeisha."